Siku Chaki Alipotoa Mkasi Wake

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii kila mtu anaijua, na huenda hilo ndilo lililoiharibu, maana neno linalojulikana na kila mtu halisikilizwi na yeyote. Maana yake si ngumu. Taabu ya mtu anaijua mwenyewe anayeipata. Anayetazama kutoka mlangoni huona shuka tu, tena shuka lililotandikwa vizuri. Wengi wetu tunaitumia kuwanyamazisha wambeya, kisha tunageuka kumhukumu jirani kabla hata hatujavua viatu. Bi Cherehani alikuwa hodari wa kuitaja. Siku ilipomgusa mwenyewe, hakuikumbuka.

Jina hilo la Bi Cherehani alipewa na wateja, kwa sababu alishona kwa kasi na alisema kwa kasi zaidi. Duka lake la kushona lilikuwa kwenye kona: chumba kirefu chenye cherehani ukutani, pasi iliyokuwa na moto tangu asubuhi, vipande vya vitambaa sakafuni, na katikati meza pana ya kukatia ambayo hakuna aliyethubutu kuweka kikombe juu yake. Wazazi wake walikufa yeye akiwa msichana mkubwa na mdogo wake wa kiume akiwa bado anang'oka meno. Alimlea, akamsomesha alipoweza, na aliposhindwa kumsomesha akamfundisha kushona. Mdogo mtu akampita mwalimu wake. Hakuwa mwepesi wa kushona, lakini kwenye kukata hakuwa na mpinzani mtaa mzima.

Huyo mdogo wake watu walimwita Chaki. Kipande cha chaki hakikutoka nyuma ya sikio lake, na hata siku aliyosimamia harusi ya rafiki yake akiwa ndani ya suti alikuwa nacho, kikaonekana kwenye picha zote. Mteja akiingia mlangoni, Chaki alimtazama mara moja akataja kiuno chake bila kushika futi, na hakukosea. Kina mama walimsihi awe anataja kwa sauti ya chini.

Katika duka la kushona kila kitu ni cha watu wote isipokuwa mkasi wa mkataji. Sindano huazimwa, uzi huibwa mchana kweupe, futi hupotea na kurudi. Mkasi hauguswi. Ukikatia karatasi, umeua makali. Ukishikwa na mkono mwingine, hulegea na kuanza kutafuna kitambaa badala ya kukikata. Siku moja Mama Pacha, aliyekuwa mshona vifungo na pindo, aliutumia mkasi wa Chaki kufungulia pakiti ya biskuti. Chaki alimnunia mpaka jioni, na huyo ni mtu ambaye hakuwahi kukaa kimya hata kufikia saa nne asubuhi. Wakati mmoja tu mkasi huo hubadilisha mkono: mkataji akitoka kwenda kufungua duka lake, humwachia mkasi wa zamani yule aliyemfundisha, kama shukrani. Bi Cherehani mwenyewe aliuacha mkasi wake kwa mwalimu wake.

Mabadiliko ya Chaki yalikuja polepole, kama mchwa wanavyolila kabati: nje rangi, ndani unga. Kwanza aliacha utani. Halafu akaacha kula na wenzake mchana. Akaanza kuchelewa, na akifika anatandika kitambaa, anapiga mistari ya chaki, kisha anasimama akikitazama, mkasi uko mkononi na mkono hauendi. Siku moja alikata shati la mteja likatoka na mikono miwili ya kushoto. Kwa mkataji, hilo ni sawa na mpishi kutia sukari kwenye mchuzi. Mama Pacha alicheka mpaka akafuta machozi. Chaki hakucheka wala hakukasirika. Aliketi akaipakata ile mikono miwili magotini kwa muda mrefu.

"Una nini wewe?" Bi Cherehani alimuuliza.

"Nimechoka, dada."

"Umechoka na nini? Kazi yenyewe hujafanya."

"Ndiyo maana sijui nikwambie nini."

Watu hupenda huzuni iwe na sababu, kama vile homa inavyotafutiwa mbu. Bi Cherehani alitafuta sababu kila mahali. Hakuna mwanamke aliyemwacha mdogo wake. Hakuwa na ugomvi na mtu. Hakunywa, hakucheza kamari, hakuumwa tumbo wala kichwa. Kwa kuwa sababu haikuonekana, dada mtu akaamua kwamba ugonjwa haupo, na kilichobaki akakiita uvivu.

Dawa ya uvivu ni kazi. Kwa hiyo alimlundikia Chaki sare za shule nzima, kaptula na sketi, rundo lililofika kifuani. "Mimi wazazi walipokufa nilishona mpaka vidole vikatoka damu, nikapona," alimwambia. "Piga moyo konde. Mwanamume mzima, una mikono, una miguu, una chumba chako, unalia nini?" Chaki alikuwa halii. Ingekuwa afadhali angelia. Alitikisa kichwa kukubali, akavuta kitambaa cha kwanza, na dada yake akarudi kwenye cherehani yake akiamini amefanya jambo la maana. Nisimsingizie: alimpenda mdogo wake kuliko macho yake. Ila upendo usiojua unachokitibu waweza kumpa mgonjwa wa figo pilipili.

Mume wa Bi Cherehani alikuwa fundi wa mafriji, mtu mpole, mwenye mwendo wa pole na maneno ya kupima. Kwa Chaki alikuwa shemeji, na kwa kuwa Chaki alilitamka neno hilo kutwa nzima, duka lote likamwita Shemeji, hata wateja. Yeye ndiye aliyekuwa akimwambia mkewe, "Mpunguzie kijana," na mkewe akimjibu, "Mafriji ndiyo yanayopenda baridi, watu wanataka moto." Shemeji alikuwa na desturi ya kutobishana. Miezi kadhaa nyuma, mtu mmoja wa mtaa wa pili alijiua, na habari zikatembea haraka kuliko jeneza. Bi Cherehani, akipakua chakula, alisema, "Mtu wa hivyo ni mwoga na mbinafsi. Mimi singekwenda hata kumzika." Shemeji aliinamisha macho kwenye sahani akaomba maji ya kunywa.

Basi siku moja Chaki akaingia dukani kabla ya watu wote. Amenyoa ndevu. Shati limepigwa pasi. Amesalimia kila mtu, amemtania Mama Pacha kuhusu mapacha wake, amelishambulia lile rundo la sare na mpaka karibu na adhuhuri amelimaliza, kila kipande kimekaa na mwenzake. Bi Cherehani alimtazama kwa jicho la pembeni huku akishona, moyo wake ukilainika. Alijiambia kuwa kumbe dawa ilikuwa ileile, ila ilichelewa kufanya kazi.

Chaki alipomaliza, alimpa Mama Pacha ile redio ndogo aliyokuwa akiiweka dirishani. "Mapacha wasikilize mpira," alisema. Kisha akaufuta mkasi wake kwa kitambaa laini, akautia tone la mafuta pale kwenye msumari, akaufungua na kuufunga mara chache, akaenda kumwekea dada yake mapajani.

"Kaa nao, dada."

"Nikae nao mpaka lini?"

"Uwe wako tu. Mimi nimeutumia vya kutosha."

Bi Cherehani aliutazama mkasi, akamtazama mdogo wake, na ghafla akaona ameelewa kila kitu. Kijana anataka kufungua duka lake! Ndiyo maana alinyong'onyea muda wote ule: alikuwa anaogopa kumwambia dada aliyemlea kwamba anaondoka. Machozi yalimlengalenga. Fundi gani asingejivunia? Alisimama akamkumbatia.

"Nimekuelewa, mdogo wangu," alimwambia. "Ungeniambia tu mapema. Nenda kwa amani, mimi sitakuzuia."

Chaki alimshika mabega, akamtazama usoni kama anayetaka kuuliza neno, asiulize. Alisema, "Asante, dada," akachukua kofia yake akatoka. Mama Pacha naye alishaanza kutafuta stesheni kwenye redio.

Mchana ule Bi Cherehani alikwenda nyumbani kula akiwa mwepesi kama karatasi. Mumewe alikuwa ameshaketi mezani. Alimmwagia habari zote kabla hajanawa: kunyoa, kicheko, sare zilizoisha, redio, na mkasi.

"Amekuazima au amekupa?" Shemeji aliuliza.

"Amenipa. Si unajua desturi yetu? Anafungua duka."

"Yeye amesema anafungua duka?"

"Hajasema kwa mdomo, lakini mkasi..."

"Amesema anakwenda wapi?"

"Baba watoto, kula chakula kitapoa."

Shemeji hakula. Aliweka kijiko mezani taratibu, akasimama, na mkewe akaona uso wake umekauka. "Twende kwa Chaki," alisema. "Sasa hivi. Njiani usiniulize kitu."

Bi Cherehani hakuwahi kumwona mume wake akikimbia, hata mvua ikinyesha. Siku hiyo alikimbia. Alipita kwenye karakana ya magurudumu, akapita kwa muuza mkaa bila kumwitikia salamu, na mkewe nyuma akihema, ameshika upindo wa gauni, hajui anakimbilia nini ila miguu yake ilishaanza kuogopa kabla ya kichwa. Alikuwa bado na mkasi mkononi. Alitoka nao dukani kwa furaha ya kumwonyesha mumewe, na sasa hakujua pa kuuweka.

Chaki alipanga chumba kwenye nyumba ya ua, mlango wa mwisho. Shemeji aligonga.

"Nani?"

"Mimi, shemeji yako."

"Nitakuja baadaye, shemeji. Nataka kupumzika."

"Sawa, utapumzika. Nifungulie kwanza. Sina shauri kubwa, nataka kukaa na wewe tu."

"Shemeji, nenda."

"Siendi popote," Shemeji alisema, akaketi chini pale pale kizingitini, mgongo umeegemea mlango, kama mtu aliyekuja na kazi ya kutwa nzima. "Nitakaa hapa. Nina muda."

Ilipita kitambo. Bi Cherehani alitaka kupiga kelele, akatiwa jicho, akanyamaza. Hatimaye komeo likasogea.

Chumba kilikuwa kisafi kupita kiasi. Kimefagiwa, nguo zimekunjwa na kupangwa kitandani kwa ukubwa, godoro limekunjwa, sahani na kikombe vimefunikwa kifudifudi. Chaki alikuwa amevaa viatu. Hapakuwa na kitu kilichokwisha kutendeka, ila hewa ya mle ndani ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuaga. Bi Cherehani alizitazama zile nguo, na ndipo lilipoanza kumwingia, sindano baada ya sindano.

Shemeji alimkalisha Chaki kitandani, akaketi karibu naye, bega kwa bega. Hakumhubiria. Alimuuliza kwa sauti ileile anayomuulizia mteja friji limeanza lini kutopoza.

"Chaki, unafikiria kujiua?"

"Baba watoto!" Bi Cherehani alishtuka. Yeye aliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba neno hilo likitajwa linaitwa, na kwamba ukimuuliza mtu utamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Alisogea ili amzibe mumewe mdomo.

Chaki alikuwa anaitazama sakafu. "Ndiyo, shemeji," alijibu, na pumzi ikamtoka ndefu, kama mtu aliyetua gunia. Halafu akalia. Miezi yote ile hakulia, sasa alilia kwa sauti.

Dada mtu hakuweza kujizuia. "Utatufanyia hivyo sisi? Baada ya mimi kukulea? Watu watasema..."

"Mama," Shemeji alimwambia, na hakuinua sauti, "kaa chini. Nyamaza kidogo. Haya si ya watu."

Kisha akamgeukia Chaki. Alianza kusema polepole, huku akijitazama viganja.

"Mimi niliwahi kugawa vitu. Kabla sijamjua dada yako. Nilimpa binamu yangu baiskeli, baiskeli niliyokuwa siruhusu mtu hata aipige kengele. Koti langu nikampa jirani. Siku hiyo nilijisikia mwepesi sana, nikacheka na kila mtu, watu wakasema nimepona. Sikuwa nimepona. Nilikuwa nimeshakata shauri, basi mzigo nikauona hauna kazi tena."

Chaki aliinua uso.

"Ilikuwaje kwako?" aliuliza.

"Kama kupandisha friji ghorofani, peke yangu, mgongoni, na ngazi haziishi. Na kila ninayempita ananiambia nitabasamu. Sikutaka kufa, Chaki. Nilitaka kulitua. Nilidhani hakuna pengine pa kulitua."

"Ndivyo," Chaki alisema. "Ndivyo hasa. Asubuhi nikifungua macho nalikuta limeshanikalia."

"Fundi mwenzangu alikuja kurudisha bisibisi, akaniona nilivyo, akakaa. Hakusema neno la maana hata moja. Alikaa tu mpaka tukaenda wote hospitali."

"Ikapita?"

"Siku ile haikupita. Ilipita kidogo kidogo, ikarudi, ikapita tena. Lakini niko hapa. Nimemuoa hata dada yako, ambayo nayo si kazi ndogo."

Kona ya mdomo wa Chaki ilitikisika. Hakikuwa kicheko, ila kilikuwa jirani yake.

Bi Cherehani alikuwa sakafuni, ameketi juu ya kitambaa cha mlangoni, na mkasi umelala kando yake. Ulimi wake, ule uliokuwa haukosi neno, ulikuwa umekauka. Alikuwa amemsikia mume wake akimweleza mtu mwingine jambo ambalo yeye hakuambiwa katika miaka yote ya ndoa. Na alikuwa amekumbuka maneno yake ya dukani: nenda kwa amani, mimi sitakuzuia. Alijiona amemfungulia mdogo wake lango kwa mkono wake mwenyewe. Alimtambalia mpaka kitandani, akamshika miguu, viatu na yote, akakataa kuiachia.

"Usiende," alisema. "Nakuzuia. Sikia, nakuzuia."

Walikwenda hospitali wote watatu, Chaki katikati. Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na Bi Cherehani, hata katika hali ile, aliona kwamba uzi huo umefungwa vibaya. Daktari alizungumza na Chaki peke yake kwa muda mrefu, kisha akawaita. Aliutaja ugonjwa kwa jina lake, sonona. Alisema ni ugonjwa kama magonjwa mengine, haulingani na huzuni ya msiba wala uvivu, na mtu haupati kwa udhaifu wa moyo. Una dawa, ila dawa zake si za leo kesho, zinataka wiki na zinataka mazungumzo, na kwa sasa Chaki asiachwe peke yake, atalazwa.

"Tumemkosea nini, daktari?" Bi Cherehani aliuliza. "Hana sababu. Sababu ni sisi?"

"Ninyi hamkumpa ugonjwa. Lakini mgonjwa huyu mnaweza kumwongezea mzigo au kumpunguzia. Leo mmempunguzia. Na vile mlivyomuuliza waziwazi, mmefanya vizuri. Kuuliza hakumtii mtu wazo. Kunampa mlango wa kutokea."

Walipokuwa wakirudi nyumbani, mume na mke walitembea mpaka karibu na duka. Hapo Bi Cherehani akasimama.

"Miaka yote hii tunalala kitanda kimoja," alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

Shemeji alifikiri kwanza. "Ulisema hungemzika."

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililouma. Angegomba, mkewe angepata pa kushika. Bi Cherehani alifungua mlango wa duka, akaketi kwenye kiti cha Chaki mbele ya meza ya kukatia, akalia mpaka Mama Pacha akazima ile redio.

Alipokwenda kumtazama mdogo wake wodini alikuwa amepanga maneno mazuri njiani, na yote yakamtoroka mlangoni. Alimwuliza kama shuka la hospitali limepindwa vizuri. Akalikagua mwenyewe, akalikuta halikupindwa vizuri, akalilaani. Ndipo akasema, "Nisamehe. Nilidhani ni uvivu."

Chaki alikuwa amelala ubavu, amekonda, macho yake mazito kwa dawa. "Hata mimi, dada," alisema. "Hata mimi nilidhani ni uvivu. Kila siku nilikuwa najigombeza kwa sauti yako."

Neno hilo Bi Cherehani alilibeba akarudi nalo nyumbani, na nadhani analo mpaka leo.

Sasa msomaji asidhani nitamwambia kwamba dawa zilifanya kazi na kila mtu akacheka. Chaki alitoka hospitali akiwa amepona nusu. Alihamia kwa dada yake kwa muda, na Shemeji alipita chumba kwa chumba akaondoa yale yaliyofaa kuondolewa, kama daktari alivyoagiza. Dukani alianza kwa kushona vifungo pamoja na Mama Pacha, nusu siku, tena bila kusemeshwa sana. Mama Pacha, aliyekuwa akijiuma kwa kile kicheko cha mikono miwili ya kushoto, alimrudishia redio, Chaki akaikataa, wakaafikiana ikae dirishani iwe ya wote. Meza ya kukatia aliirudia baadaye sana, na siku hiyo dada yake akamrudishia mkasi wake. Alirudi kwenye chumba chake. Kliniki hakuacha. Zilikuja siku njema, zikafuatana mpaka watu wakaanza kusahau, kisha siku mbaya ikatumbukia katikati bila kubisha hodi. Walikubaliana kwamba siku hiyo ikija, atampigia dada yake simu aseme, na hatatakiwa kueleza.

Simu ilikuja katikati ya msimu wa harusi. Duka limejaa, gauni la bibi harusi limevalishwa sanamu, pindo halijashonwa, na mama wa bibi harusi amesimama palepale akisimamia kila sindano. Bi Cherehani alipokea.

"Dada," Chaki alisema. "Leo ni zito."

"Nakuja."

Alizima cherehani. Alimwambia Mama Pacha aendelee na pindo, akatafuta viatu vyake chini ya meza.

"Unakwenda wapi?" mama wa bibi harusi aliuliza. "Na gauni?"

"Mdogo wangu anaumwa."

"Huyu mkataji? Si nilimwona juzi mzima, anacheka. Amevunjika mguu?"

"Ungekuwa mguu, mama, ungeuona, ungempa pole."

Yule mama alielewa, maana mtaani hakuna siri, akabetua mdomo. "Aa, yale mambo. Mimi nikiwa na mawazo nafagia nyumba yote, yanaisha. Vijana wa siku hizi wanajilegeza tu. Mwambie ajikaze."

Mama Pacha alishika sindano yake bila kuitumia. Alimjua bosi wake. Alijua ulimi ule unavyoweza kumkata mtu kuanzia kola mpaka pindo. Lakini Bi Cherehani alimtazama yule mama kwa utulivu, kama anayemtazama mtu anayemfahamu vizuri sana.

"Mungu akuzidishie hiyo dawa yako ya kufagia," alimwambia. "Nami nilikuwa na ya kushona. Lakini kitanda chake hatujakilalia, mama, si mimi wala wewe. Keti, utaletewa maji."

Alimkuta Chaki amelala chini ya shuka, uso ukutani. Mlango ulikuwa wazi; aliufungua mwenyewe alipomaliza kupiga simu, na hiyo ndiyo kazi yote aliyoiweza siku hiyo. Bi Cherehani hakumwambia ajikaze wala hakumwuliza kwa nini. Alivua viatu, akapanda kitandani, akaegemeza mgongo wake kwenye mgongo wa mdogo wake kama walivyokuwa wakilala utotoni palipokuwa na godoro moja. Walikaa hivyo.

"Dada," Chaki alisema baada ya muda. "Na gauni la watu?"

"Litangoja. Gauni halifi."

Chaki alivuta shuka, akamfunika dada yake nusu.

Basi anayemwona mwenziwe amelala mchana asianze kumhesabia uvivu. Aingie, aulize, akae: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.